Abiria wa Digrii Tatu

Haya yalitokea mchana. Naanzia hapo kwa sababu kila nikisimulia, mtu wa kwanza kufungua mdomo huniuliza ilikuwa saa ngapi za usiku na nilikuwa nimekunywa nini. Ilikuwa saa kumi alasiri, mwezi wa saba, na nilikuwa nimekunywa chai. Tena yameandikwa. Kwenye geti moja la Lavington kuna kitabu cha wageni, na ndani yake kuna mistari miwili ya mkono wa soja, mlinzi wa geti, ambayo siwezi kuifuta hata nikitaka. Nisikilize mpaka mwisho utajua ni mistari gani.

Mimi si mtu wa maneno. Mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito, na mtu mzima akiniuliza jambo, natazama viatu. Nakwambia hili mapema kwa sababu kama ningekuwa na mdomo, mengi ya haya yasingenipata.

Nilikuwa fundi wa pikipiki Dagoretti, kwenye gereji ya mtu tuliyemwita Mkubwa. Jina lake la nyumbani nitaliacha, maana watoto wake hawana kosa. Gereji iko nyuma ya bucha, si mbali na kichinjio. Mkubwa alikuwa akinunua pikipiki kubwa zilizotumika, zile za safari ndefu zenye masanduku pembeni na kioo cha kukinga upepo, anazitengeneza, anawauzia watu wenye uwezo. Moja alimuuzia Bwana Pritam wa Lavington.

Bwana Pritam ni mzee wa Kisikh, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Familia yake iliuza vifaa vya maabara katikati ya jiji tangu enzi za baba yake: mizani, chupa za kioo, vipimajoto vya shule. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ni kama digrii ishirini, atakuuliza ni ishirini au ni ishirini na moja.

Shida yake ilikuwa geji ya hewa. Pikipiki hizi zina geji ndogo inayoonyesha joto la hewa ya nje. Ikishuka mpaka digrii tatu, alama ya theluji huanza kuwaka na kuzima, ikukumbushe kwamba barabara inaweza kuteleza. Bwana Pritam na wenzake walikuwa wakipanga safari ya kupanda milima ya Nyandarua alfajiri, na aliitaka alama hiyo. Lakini geji yake ilisema thelathini na tisa. Mwezi wa saba, Nairobi, watu wamevaa makoti mawili mawili.

Mara ya kwanza alipolalamika, Mkubwa alimwambia pikipiki za aina hiyo ndivyo zilivyo. Mara ya pili alininyooshea kidole.

"Ni huyu kijana alifunga vibaya, Mzee. Unajua hawa, hata shule hakumaliza."

Akacheka. Mimi geji hiyo nilikuwa sijaigusa hata siku moja. Unafikiri nilisema? Nilitazama viatu vyangu. Lakini ndani niliwaka hadi meno yakauma. Nina mikono yangu tu duniani. Mtu akisema mikono yangu ni mibovu, amebakiza nini?

Bwana Pritam akasema polepole, "Mimi sitaki mtu afukuzwe. Mimi nataka hii kitu iseme ukweli tu."

Alipoondoka, Mkubwa alinivuta pembeni. Aliniambia geji hiyo nisiiguse, na siku nitakayoigusa nirudi kwetu Mutuini nikalime sukuma na mama yangu. Mama alikuwa akinitegemea mimi. Mkubwa alilijua hilo, ndiyo maana alilisema.

Wiki iliyofuata Bwana Pritam alileta pikipiki mwenyewe asubuhi. Mkubwa hakuwepo, alikuwa amekwenda na pikapu yake Limuru kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya jamaa yake. Mzee aliniomba nimrudishie kufikia jioni, geji ikiwa imekaa sawa, akapanda teksi akaenda zake. Hakuuliza kama naweza. Aliniachia ufunguo mkononi kama mtu anayeniamini.

Basi nikafungua kava ya mbele.

Sensa ya geji, yaani kile kidude kinachohisi joto, kwa kawaida hukaa mbele kabisa, chini ya taa, mahali hewa inapokigonga kabla haijakutana na injini. Hii haikuwa hapo. Ilikuwa imefunguliwa, waya wake umerefushwa kwa kiasi cha mkono mmoja, halafu sensa yenyewe imefichwa nyuma ya rejeta ya kupoza injini, imebanwa kwenye chuma cha injini na kuzungushiwa waya mara tatu. Mafundo yale niliyajua. Mkubwa hufunga kila kitu hivyo, hata mfuko wa nyama.

Elewa nilichokiona. Haikuwa bahati mbaya. Yeye mwenyewe aliipeleka sensa kwenye moto ili geji idanganye, halafu akanisingizia mbele ya mteja. Sikujiuliza mtu anafaidika nini na geji inayodanganya. Nilipaswa kujiuliza. Hasira haikunipa nafasi.

Niliifanya kazi ile kama mtu anayeandika barua ya kujitetea. Nilikata mafundo. Niliirudisha sensa mbele, chini ya taa, nikaweka kipande cha mpira katikati yake na chuma ili joto la chuma lisiifikie. Nilikata kopo jeupe la maziwa lala nikaifanyia kijumba chenye matundu, hewa ipite lakini jua lisiipige. Kisha nikaenda bucha nikaomba barafu. Nilivunja barafu ndani ya kikombe cha maji, nikakoroga, nikaitumbukiza sensa kabla ya kuifunga, nikangoja dakika kumi. Geji ikasema sifuri. Nikaitoa, nikaikausha, nikaining'iniza kivulini. Ikapanda taratibu hadi kumi na nane ikatulia. Kipimajoto cha mwenye duka la dawa jirani nacho kilisema kumi na nane. Ndipo nikaifunga.

Nilitabasamu peke yangu. Kazi ilikuwa safi. Naapa ilikuwa safi, na hadi leo sijafanya kazi safi kuliko ile.

Kabla ya kupeleka Lavington nilitaka kuijaribu barabarani, nikaelekea upande wa Mutuini. Geji ilisema kumi na nane, nikienda kasi ikawa kumi na saba. Njiani nilisimama kupisha ng'ombe waliokuwa wanapelekwa kichinjioni. Nikiwa nimesimama hapo, mguu mmoja chini, pikipiki ikalala nyuma.

Wewe kama umewahi kubeba mtu unajua. Springi za nyuma hushuka, uzito unahama, unasikia kwenye makalio na mikononi. Mtu alikuwa amepanda. Nilidhani ni abiria amekosea, ameniona nimesimama akadhani mimi ni boda. Mtu mwingine angegeuka akamwambia ashuke. Mimi niliona aibu. Nikasema moyoni, nitamshusha mbele, hakuna haja ya kelele. Ng'ombe wakapita, nikaondoka naye.

Geji ikasema kumi na nne.

Kwanza nilifikiri ni upepo. Ikasema kumi. Ikasema saba. Mgongo wangu ulianza kuwa baridi, si baridi ya upepo, baridi ya kukaa ukiegemea ukuta uliolowa. Ikafika tatu, na ile alama ya theluji ikaanza kuwaka na kuzima. Unajua nilichohisi? Hasira tupu. Sikuogopa. Nilikasirikia mikono yangu, nikaona Mkubwa alisema kweli, nimeharibu, kesho nashika jembe.

Ndipo abiria akasema, karibu na sikio langu, sauti ya mtu ambaye taya zinagongana:

"Wamemaliza kuipakia pikipiki?"

Nilimwambia sijui. Ndivyo nilivyojibu, kweli, kama mtu aliyeulizwa njia. Kisha nikatazama kioo cha pembeni. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, bila helmeti, sweta la kijivu limelowa hadi kuning'inia. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Hakuwa amenishika. Mikono yake ilikuwa mapajani na macho yalitazama chini, kama mtu aliyezoea kungoja.

"Mwambie sijambo," akasema. "Amalize kuipakia. Nitangoja."

Sikusimama. Ningesimama nikafanya nini? Niligeuza nikashika njia ya Lavington, alama ya theluji ikiwaka na kuzima mbele yangu, na yeye nyuma. Njia nzima hakusema kingine. Kila nikisimama kwenye foleni aliuliza lile lile, kwa adabu, bila kupandisha sauti, na mimi kila mara nilijibu sijui. Watu kwenye magari walinitazama kama mtu anayeongea peke yake.

Kwenye geti la Bwana Pritam kuna soja, Mzee Wafula. Yeye huandika kila kitu: jina, namba ya chombo, watu wangapi, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Aliniuliza jina, akaandika. Akatazama nyuma yangu, akaandika tena. Nilikiona kitabu kwa macho yangu: *Pikipiki, watu wawili.*

Nikaingia, nikasimamisha stendi, nikashuka. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Lakini springi hazikuinuka.

"Mwenzako amepitia wapi?" Mzee Wafula akauliza kutoka getini.

Bwana Pritam alitoka na kipimajoto chake cha kioo, cha zebaki, kimefungwa kwenye kitambaa kama yai. Alitazama geji. Tatu, theluji inawaka. Uso wake ukasinyaa, na nikaona kazi yangu imekwisha. Nilijaribu kumweleza habari ya sensa, mafundo, kikombe cha barafu, lakini maneno yalitoka vipande vipande. Akaniinulia mkono ninyamaze. Aliinua kipimajoto hewani, akangoja, akasoma: kumi na saba. Akakisogeza mbele ya taa, kando ya kijumba cha kopo. Akasoma: tatu. Akarudi nyuma akakishikilia juu ya kiti cha abiria.

Zebaki ilishuka kama maji kwenye shimo. Tatu.

"Geji iko sawa," alisema hatimaye. "Kijana, wewe umefunga vizuri sana. Hii baridi ndio iko."

Akaniuliza taratibu kilichotokea njiani. Nilimwambia. Yeye si mtu wa kuamini mambo ya hewani, lakini alikuwa amekisoma kipimajoto chake mwenyewe, na mtu wa maabara hawezi kubishana na kipimajoto chake. Akasema tangu ainunue alikuwa akihisi springi zinazama kila akisimama barabarani, na mgongo kuuma kwa baridi. Alidhani ni uzee. Kisha akampigia Mkubwa simu, akamwambia aje sasa hivi.

Mkubwa alikuwa ameshaanza kurudi. Hakuchukua hata saa moja. Aliingia na pikapu yake, peke yake, bado amevaa suti ya ruracio, na kabla hajafunga mlango alikuwa ameshaiona ile theluji inayowaka.

"Nilikwambia usiguse," akaniambia. Kisha akamgeukia Bwana Pritam na tabasamu la biashara. "Samahani, Mzee. Huyu ameharibu. Nipe nusu saa nirudishe sensa mahali pake. Na yeye leo ndio mwisho."

Mahali pake. Alisema mahali pake. Ndugu yangu, sijui kama umewahi kukasirika hadi aibu ikafa. Mimi nilikasirika hivyo mara moja maishani, na ilikuwa hapo. Niliinua macho kutoka kwenye viatu nikamtazama usoni.

"Kuna mtu anauliza kama umemaliza kuipakia pikipiki," nikasema. "Anasema hajambo. Anasema atangoja."

Nimemwona Mkubwa akigombana na polisi, nimemwona akitishwa na wateja wenye bunduki kiunoni. Sijawahi kumwona vile. Alikaa chini kwenye ngazi za nyumba na suti yake, kama gunia lililoachiwa.

Hakuna aliyemuuliza. Ilitoka yenyewe. Pikipiki aliinunua huko juu, upande wa Kinangop, kwa bei ya kutupa, kwa sababu haikuwa na karatasi. Aliyeiendesha kuileta alikuwa shemeji yake, ndugu wa mke wake, na yeye alifuata nyuma na pikapu. Mvua, ukungu, barabara inateleza. Shemeji akaanguka. Mgongo uliumia, hakuweza kuinuka, lakini alikuwa akiongea vizuri. Mkubwa aliogopa polisi wakija wataichukua pikipiki. Basi akaita vijana waliopita wakaipandisha kwenye pikapu, akaifunika turubai, akaenda kuificha kwa rafiki yake. Huyo shemeji Mkubwa alimwacha kwenye majani kando ya barabara, akamwambia anakwenda kuleta gari la hospitali.

"Yeye mwenyewe aliniambia nipakie kwanza," Mkubwa alisema. "Ilikuwa pesa yangu yote. Ningefanya nini? Ingeibiwa."

"Baridi ilikuwa ngapi?" Bwana Pritam akauliza.

Mkubwa hakumtazama. "Ufunguo ulikuwa umewashwa tukiipakia. Ilikuwa inasema tatu. Hiyo alama ilikuwa inawaka tu, inawaka tu. Na baadaye kila nilipoiendesha iliwaka tena, mpaka nilipoificha sensa."

"Wewe ulirudi?"

"Nilirudi."

"Saa ngapi?"

Mkubwa alitazama viatu vyake. Bwana Pritam akamuuliza tena, polepole, kama anavyouliza digrii. Hakujibu.

Nikamwambia Mkubwa ampe yule mtu jibu lake. Neno moja tu, ndiyo, imeshapakiwa, sasa ni zamu yako. Aliinuka akapangusa suti. Alisema yeye haongei na kiti. Akamwambia Bwana Pritam atamrudishia pesa zake, akaniambia mimi nisikanyage gereji tena, akapanda pikapu.

Alipowasha injini, springi za pikipiki ziliinuka. Zililia kidogo, vile zinavyolia mtu mzito akishuka. Mimi na Bwana Pritam tulitazama geji. Tano. Tisa. Kumi na mbili. Theluji ikazimika. Ilipofika kumi na saba ikasimama hapo.

Pikapu ilikuwa imesimama getini. Mzee Wafula aliizunguka na kitabu chake, akachungulia nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, akatingisha kichwa. Alimwambia Mkubwa, tukamsikia wote wawili, kwamba si vizuri kumbeba mtu hivyo kwenye baridi bila koti. Mkubwa akaondoka bila kugeuka. Nilikwenda kusoma kitabu. *Pikapu, ameingia mmoja, wametoka wawili.*

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa nina meza yangu Mutuini, chini ya bati, natengeneza boda. Bwana Pritam hunitumia wateja. Pikipiki ile aliitafutia karatasi halali, na geji yake inasema ukweli mpaka leo. Mgongo wangu, sehemu ile iliyoelekea yule abiria, haujawahi kupata joto sawasawa. Mama hunikanda kwa maji moto, haisaidii.

Na Mkubwa yupo. Pitia gereji hata mwezi wa pili, jua la mchana, utamkuta amevaa koti zito, jiko la makaa katikati ya miguu, meno yanagongana. Pikapu aliiuza, baridi haikwenda na pikapu. Watu wanamwonea huruma, wanasema ni ugonjwa wa damu. Mimi simwonei. Alikuwa na jibu la neno moja akamnyima shemeji yake.

Kwa hiyo sikiliza. Ukinunua pikipiki ya mkono wa pili na geji yake inasema joto wakati wewe unatetemeka, usifurahi. Fungua kava, tafuta sensa, tazama ni nani aliyeifunga hapo na kwa mafundo gani. Na ukianguka na mwenzako barabarani, muinue mtu kwanza. Chuma kinaweza kungoja.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo tu. Mke wa Mkubwa hupita kwenye meza yangu akienda sokoni, na mfuko wa nyuzi za sufu mkononi. Anamfumia mumewe sweta, la tatu sasa. Aliambiwa kaka yake alikufa pale pale, hakuumia. Kila akipita hunisalimia, na mimi natazama viatu. Kusema nashindwa, kwa hiyo nimeandika, na nitampa karatasi hizi mkononi.

Mama, wewe unayefuma, kama umefika hapa, weka sindano chini. Sweta halitamsaidia. Muulize alirudi saa ngapi.